Je, Wajua? Jókai Mór: Mwasi Aliyegeuka Mwandishi wa Dola

Vuli ya mwaka 1849, kijana wa miaka 24 alikuwa amejificha katika kijiji kimoja cha milimani, kaskazini mashariki mwa Hungaria. Mapinduzi aliyoyashiriki dhidi ya Austria yalikuwa yameshindwa, wenzake walikuwa wakinyongwa na kupigwa risasi, naye hakujua zamu yake ingefika lini. Zaidi ya miaka 30 baadaye, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria alimwita mtu yule yule ashike uhariri wa kitabu kikubwa cha kuieleza dola nzima. Aliyekuwa akitawala mara zote mbili ni mmoja, Kaizari Franz Joseph.

Mtu huyo ni Jókai Mór, mwandishi wa riwaya aliyesomwa na kupendwa mno Hungaria katika karne ya 19. Huku kwetu jina lake halivumi. Haya hapa ni baadhi ya mambo yake, na mawili kati yake yanagusa bahari na maziwa yetu.

1. Je, wajua kwamba alilibadili jina lake kwa ajili ya siasa?

Wahungaria hutanguliza ukoo, kisha jina la mtu. Kwao yeye ni Jókai Mór, ilhali Ulaya Magharibi humwandika Mór Jókai. Katika makala hii tumemwachia mpangilio wa kwao. Wenzake tumewaandika kama walivyozoeleka nje.

Alizaliwa tarehe 18 Februari 1825, akaitwa Jókay Móric. Baba yake alikuwa mwanasheria, na familia ilikuwa ya Waprotestanti wafuasi wa Calvin. Ile “y” mwishoni mwa ukoo ilikuwa alama ya familia zenye hadhi ya ukabaila. Mwaka wa mapinduzi, 1848, aliifuta akaweka “i”, jina likawa kama la raia yeyote.

2. Je, wajua kwamba mji wake leo uko nchi nyingine?

Alizaliwa Komárom, mji wa biashara na ngome kando ya Mto Danube. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Mkataba wa Trianon wa mwaka 1920 uliigawa Hungaria, na mto ukawa mpaka. Upande wa kaskazini, alikozaliwa Jókai, uliingia Chekoslovakia na leo ni mji wa Komárno nchini Slovakia. Upande wa kusini ulibaki Hungaria na unaitwa Komárom hadi sasa.

Wakazi wengi wa Komárno bado huzungumza Kihungaria. Ukumbi wao wa michezo ya kuigiza unaitwa kwa jina la Jókai, na sanamu yake imesimama mbele ya jumba la makumbusho la mji.

3. Je, wajua kwamba alitaka kuwa mchoraji?

Mwaka 1841 Jókai alijiunga na chuo cha Kiprotestanti cha mji wa Pápa. Huko alipata marafiki wawili, Sándor Petőfi na Samu Orlai Petrich. Kila mmoja alikuwa na ndoto yake: Petőfi alitaka jukwaa la uigizaji, Jókai alitaka brashi na rangi, Orlai alitaka uandishi. Maisha yakawapangia vingine. Petőfi akawa mshairi mkuu wa taifa, Jókai akawa mwandishi wa riwaya, na Orlai, aliyetamani kalamu, ndiye aliyeishia kuwa mchoraji.

Lakini mkono wa Jókai haukupotea bure. Mwaka 1843, Petőfi alipokuwa mwigizaji fukara aliyekwama katika mji wa Kecskemét, Jókai alikuwa mwanafunzi wa sheria hapo hapo. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, akamnakilia rafiki yake mashairi ili yapelekwe kutafutiwa mchapishaji.

Sheria yenyewe aliimaliza na mtihani akaufaulu, lakini hakukaa katika uwakili. Riwaya yake ya kwanza, *Hétköznapok*, yaani “Siku za Kawaida”, ilitoka mwaka 1846. Mwaka uliofuata alikuwa tayari mhariri wa jarida la fasihi mjini Pest, sehemu ya Budapest ya leo. Alikuwa na miaka 22.

4. Je, wajua kwamba alikuwa mstari wa mbele siku mapinduzi yalipoanza?

Tarehe 15 Machi 1848 ni sikukuu ya taifa Hungaria hadi leo. Asubuhi ya siku hiyo vijana walikusanyika katika mkahawa wa Pilvax mjini Pest wakiwa na madai yao 12. La kwanza lilikuwa uhuru wa magazeti na kufutwa kwa ukaguzi wa serikali. Mengine yalidai bunge la kila mwaka, usawa mbele ya sheria na jeshi la wananchi. Jókai ndiye aliyeyasoma kwa sauti.

Kutoka hapo waliandamana hadi kiwanda cha uchapaji cha Landerer na Heckenast. Sheria ilikataza kuchapa chochote bila muhuri wa mkaguzi. Inasimuliwa kwamba Landerer, mwenye kiwanda, alikataa mbele za watu, kisha akawanong’oneza kwamba mitambo wanaweza kuiteka. Wakaweka mikono juu ya mtambo mmoja, wakatangaza kwamba umetwaliwa kwa jina la umma, na mafundi wakaanza kazi. Nje mvua ilikuwa ikinyesha. Wakati karatasi zikichapwa, Jókai alisimama akauhutubia umati usije ukatawanyika. Madai 12 na shairi la Petőfi yakatoka bila muhuri wa mtu.

Kufikia jioni umati ulikuwa umevuka mto hadi Buda na kumtoa gerezani mwandishi Mihály Táncsics.

5. Je, wajua kwamba mke alimpata usiku huo huo?

Siku ile ilihitimishwa katika Ukumbi wa Taifa wa michezo ya kuigiza. Watu walitaka waonyeshwe *Bánk bán*, tamthilia ambayo serikali haikuipenda. Ilianza, lakini haikumalizika: kelele zilizidi, watu wakapanda hadi jukwaani. Jókai naye alipanda ili kuwatuliza. Mwigizaji wa nafasi ya malkia, Róza Laborfalvi, alimfuata na kumbandika kifuani ua la utepe lenye rangi za taifa: nyekundu, nyeupe na kijani.

Agosti mwaka huo walioana, na vita vikaanza nyumbani. Róza alimzidi Jókai kwa miaka minane hivi, alikuwa mwigizaji, na tena alikuwa na binti aliyemzaa nje ya ndoa. Mama yake Jókai hakutaka kusikia. Petőfi pia aliipinga ndoa hiyo kwa nguvu, na urafiki wao ukavunjika. Mapinduzi yalipogeuka vita na Austria, siasa ziliwatenganisha zaidi: Petőfi alitaka mapambano hadi mwisho, Jókai akaegemea upande wa waliotaka mazungumzo. Tarehe 31 Julai 1849 Petőfi alipotea katika mapigano ya Segesvár, Transylvania.

6. Je, wajua kwamba mwigizaji huyo ndiye aliyemwokoa?

Agosti 1849 jeshi la Hungaria liliweka silaha chini mbele ya Warusi, waliokuja kuisaidia Austria. Oktoba 6, makamanda 13 wa jeshi la Hungaria waliuawa mjini Arad. Jókai, aliyekuwa ameongoza gazeti wakati wa vita, alikimbilia Tardona, kijiji kidogo kwenye milima ya Bükk.

Mji wake wa kuzaliwa ndio uliompatia mlango wa kutokea. Ngome ya Komárom ilikuwa haijatekwa, na kamanda wake alikubali kuisalimisha kwa sharti kwamba kila mtetezi wake apewe hati ya usalama. Jókai hakuwa ndani ya ngome hiyo. Lakini Róza alihangaika huku na huku hadi akapata hati yenye jina la mumewe, akaifuata njia ya milimani na kumpelekea mwenyewe. Kwa karatasi hiyo Jókai alirudi mjini akiwa huru. Waliosema mwigizaji atamharibia maisha walikuwa na la kufikiri.

Hata hivyo jina lake lilikuwa bado na harufu ya uasi. Kwa muda aliandika kwa jina la kupanga, Sajó.

7. Je, wajua kwamba riwaya zake zilikuwa faraja ya taifa lililoshindwa?

Miaka ya 1850 ilikuwa migumu Hungaria. Katiba ilifutwa, maofisa wageni walijaa ofisini, magazeti yalikaguliwa. Hakuna aliyeweza kuandika waziwazi juu ya vita vilivyopita. Jókai akazunguka nyuma. Aliandika juu ya zamani, enzi ambazo Waturuki wa Osmani na Waaustria waliivuta Hungaria huku na huku, na wasomaji wakajua anazungumzia nini. *Erdély aranykora*, “Enzi ya Dhahabu ya Transylvania”, ilitoka mwaka 1852.

Kisha ikaja *Egy magyar nábob*, “Nabobu wa Kihungaria” (1853–54). Ndani yake kuna bwana mkubwa mzee, János Kárpáthy, tajiri kupindukia, anayemaliza siku zake kwa karamu, vichekesho na mbwa. Pembeni yake wapo makabaila vijana waliorudi kutoka Paris na mawazo ya kujenga shule, kumbi na viwanda. Jókai alimcheka mzee bila kumchukia, na akawaonyesha wasomaji kwamba nchi iliyoshindwa vitani inaweza bado kujengwa. Watu waliokatazwa bunge walipata riwaya, na mijadala yao wakaihamishia humo.

Mwaka 1867 Austria na Hungaria zilipatana, na vita vya 1848 vikawa vinaandikika. Mwaka 1869 Jókai akatoa *A kőszívű ember fiai*, “Wana wa Mtu Mwenye Moyo wa Jiwe”. Baba, kabaila mtiifu kwa Vienna, yuko kitandani akikata roho, na anamwamuru mkewe aandike wasia: kila mmoja wa wana watatu aitumikie dola. Mke anaandika neno kwa neno. Baba anapofumba macho, anaapa kufanya kinyume cha kila mstari. Vita vinapokwisha, hati ya mashtaka inatumwa kwa familia. Karani amekosea kulitafsiri jina la kaka mkubwa kwa Kijerumani, akaandika la mdogo. Mdogo, mpole na mwoga kuliko wote, analiona kosa hilo, ananyamaza, anakwenda kufa badala ya kaka mwenye mke na watoto.

8. Je, wajua kwamba alikula kifungo kwa makala ya mtu mwingine?

Riwaya zake nyingi zilitoka kwanza gazetini, sura baada ya sura. Mwaka 1863 alianzisha gazeti lake la kila siku, *A Hon*, maana yake “Nchi ya Nyumbani”. Mwaka huo huo alichapa makala ya Kabaila Nándor Zichy juu ya katiba. Serikali ikakasirika, na mahakama ya kijeshi ikawahukumu mwandishi na mhariri kifungo. Jókai alipewa mwaka mmoja, akatumikia mwezi mmoja tu. Kilikuwa kifungo cha heshima, wageni wakiingia na kutoka.

9. Je, wajua kwamba aliandika kwa wino wa zambarau?

Waliouona mswada wa Jókai walistaajabu mambo mawili: rangi ya wino, zambarau, na usafi wa kurasa. Mwandiko ni mdogo, mistari imenyooka, na mahali palipofutwa ni pa kutafuta. Hadithi ilikuwa imekwisha pangika kichwani kabla ya kalamu kugusa karatasi. Kwa mtu ambaye wachapaji walisubiri sura yake ya kesho, hilo lilikuwa jambo la lazima.

Tarehe 6 Januari 1894 Hungaria iliadhimisha miaka 50 ya uandishi wake. Toleo la Taifa la kazi zake lilianza kuchapwa, likafikia juzuu 100. Wasomaji walilipa kabla, na Jókai akakabidhiwa forinti 100,000, kitita ambacho hakuna mwandishi wa nchi hiyo aliyekuwa amekishika.

10. Je, wajua kwamba aliandika juu ya ndege na mapinduzi ya Urusi kabla havijatokea?

Kati ya mwaka 1872 na 1874 alichapa *A jövő század regénye*, “Riwaya ya Karne Ijayo”. Hadithi inaanza mwaka 1952. Urusi imepinduliwa na iko mikononi mwa wanamapinduzi wasioamini dini wala mali ya mtu binafsi. Mhungaria mmoja wa Transylvania, Dávid Tatrangi, anagundua kitu kinachofanana na kioo, chepesi, kigumu na chenye kupindika bila kuvunjika. Anakitumia kuunda vyombo vya kuruka vinavyoendeshwa kwa umeme, na vita vinahamia angani. Mwishowe silaha hiyo inatisha kiasi kwamba mataifa yanalazimika kupatana.

Mengi aliyakosea. Katika kitabu chake, Hungaria ya mwaka 1952 bado ina mfalme wa ukoo wa Habsburg. Lakini ndugu Wright waliruka Desemba 1903, miezi michache kabla ya Jókai kufariki, na Urusi ilipinduliwa mwaka 1917.

11. Je, wajua kwamba hadithi yake ilimpa Johann Strauss kazi kubwa?

Jókai na mwanamuziki wa Vienna Johann Strauss wa Pili walizaliwa mwaka mmoja, 1825. Strauss alipotafuta hadithi ya Kihungaria, alipewa ile ya Jókai ya kijana anayerudi kwenye shamba la baba yake lililotelekezwa, na kumpenda binti aliyelelewa na Waroma, Szaffi. Ignaz Schnitzer aliandika maneno. Mchezo huo wa muziki, *Der Zigeunerbaron*, ulifunguliwa Vienna tarehe 24 Oktoba 1885, siku moja kabla Strauss hajatimiza miaka 60, na bado unachezwa. Mwaka 1985 Attila Dargay aliitengeneza hadithi hiyo hiyo kuwa filamu ya katuni, na watoto wa Hungaria wengi wamemjua Jókai kwa njia hiyo.

12. Je, wajua kwamba kuna supu yenye jina lake?

Ukiingia mkahawa wa Hungaria ukaagiza *Jókai-bableves*, utaletewa supu ya maharage. Maharage hulowekwa usiku kucha. Mguu wa nguruwe uliokaushwa kwa moshi huchemshwa pekee, na maji yake ndiyo mchuzi. Karoti na mizizi mingine huingia, kisha soseji iliyokatwa vipande. Vitunguu na unga hukaangwa kidogo, pilipili nyekundu ya unga hutiwa nje ya moto isije ikaungua, na rojo hilo huchanganywa na mchuzi. Mwishoni unga uliokandwa kwa yai hunyofolewa kwa vidole, punje punje, na kutumbukizwa sufuriani. Krimu iliyochachuka huwekwa juu mezani.

Supu inahusishwa na Balatonfüred, mji wa mapumziko kando ya Ziwa Balaton. Huko Jókai alijenga nyumba ya kiangazi, ambayo leo ni makumbusho yake, na inasemekana chakula hicho alikipenda mno.

13. Je, wajua kwamba alikuwa mkulima wa matunda?

Kwa fedha za riwaya zake za mwanzo alinunua eneo la mlimani Svábhegy, juu ya Buda. Lilikuwa jiwe tupu. Alichimba, akaleta udongo, akapanda mizabibu, miti ya matunda na mawaridi, na kazi ya kupogoa aliifanya kwa mkono wake. Mwaka 1896 alitoa kitabu cha maelezo ya kilimo cha bustani. Bustani yake ipo mpaka leo chini ya mamlaka ya hifadhi za taifa.

14. Je, wajua kwamba alikaa bungeni zaidi ya miaka 30?

Aliingia bungeni mara ya kwanza mwaka 1861. Mwaka 1869, mjini Pest, alishindana na waziri aliyekuwa madarakani, István Gorove, akamwangusha. Wakati huo alikuwa upande wa upinzani. Mwaka 1875 chama chake kiliungana na cha watawala, na kiongozi wake Kálmán Tisza akawa Waziri Mkuu kwa miaka 15. Jókai alibaki naye, akimtetea bungeni na kucheza naye karata jioni. Mwaka 1897 mfalme alimteua katika Baraza la Juu.

Wapo waliomsema kwamba mtu wa Machi 1848 amenunuliwa kwa viti na nishani. Wengine walisema taifa dogo halina budi kuchagua vita vyake, na kwamba kijana wa Tardona alikuwa ameona kwa macho gharama ya kushindwa. Hoja hizo mbili hazijaisha Hungaria mpaka leo.

15. Je, wajua kwamba njia yake inapita karibu na Ziwa Turkana?

Mrithi wa kiti cha enzi, Rudolf, alipenda elimu na magazeti kuliko magwaride. Katika miaka ya 1880 alianzisha mradi wa kuieleza dola ya Austria na Hungaria kwa maneno na picha: mikoa, makabila, nyimbo, mavazi, milima. Toleo la Kijerumani lilifikia juzuu 24, la Kihungaria 21. Mhariri wa toleo la Kihungaria alikuwa Jókai, na kwa kazi hiyo alipata nafasi ya kukutana na Rudolf mara kwa mara. Rudolf hakuuona mwisho wake. Alijiua Mayerling tarehe 30 Januari 1889, na mradi ukakamilishwa bila yeye.

Katika miaka hiyo hiyo, rafiki mwingine wa Rudolf alikuwa njiani Afrika Mashariki. Kabaila Sámuel Teleki, Mhungaria wa Transylvania, pamoja na afisa wa jeshi la majini Ludwig von Höhnel, waliondoka Pangani mwaka 1887 wakiwa na mamia ya wapagazi. Njia ya bara waliifuata kwa msaada wa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa Pangani aliyeijua nchi ya Wamasai kwa safari zake za pembe za ndovu. Machi 1888 walifika kwenye ziwa kubwa ambalo Waturkana na jirani zao waliishi kando yake tangu zamani. Teleki akalipa jina la Rudolf. Ramani zililibeba jina hilo hadi mwaka 1975, Kenya ilipoliita Ziwa Turkana.

16. Je, wajua kwamba aliwafasiria Wahungaria “mfalme” wa Madagaska?

Móric Benyovszky alizaliwa mwaka 1746 katika eneo ambalo leo ni Slovakia. Alipigana Poland dhidi ya Warusi, akakamatwa, akapelekwa uhamishoni Kamchatka, na mwaka 1771 akatoroka kwa meli aliyoiteka. Mwaka 1774 alishuka Ghuba ya Antongil, kaskazini mashariki mwa Madagaska, akiwa ametumwa na Ufaransa kuanzisha makazi. Kwa maelezo yake mwenyewe, machifu wa huko walimchagua kuwa mtawala wao. Wafaransa hawakufurahi. Alirudi kisiwani kwa mara nyingine bila ridhaa yao, wakamuua mwaka 1786.

Kumbukumbu zake zilichapwa London mwaka 1790, na zina chumvi nyingi. Kuanzia mwaka 1888 Jókai alizitoa kwa Kihungaria pamoja na wasifu wake.  Wanahistoria wanamkanusha Benyovszky kwa mengi, lakini mgala muue na haki yake mpe: kutoka Kamchatka hadi Antongil kwa meli ya karne ya 18 si mchezo.

17. Je, wajua kwamba ndoa yake ya pili ililitikisa taifa?

Róza alifariki mwaka 1886, baada ya ndoa ya miaka 38. Mjukuu wa Róza, ambaye Jókai alimlea kama binti yake, aliolewa na mchoraji Árpád Feszty. Huyu Feszty ndiye aliyechora picha ya duara inayoonyesha Wahungaria wa kale wakiingia nchini mwao: urefu wake ni kama mita 120 na kimo chake mita 15. Jókai alihamia kwao, na taifa likamwona kama babu yake.

Septemba 1899 babu huyo, mwenye miaka 74, alimwoa Bella Nagy, mwigizaji wa miaka 20 hivi kutoka familia maskini ya Kiyahudi. Magazeti yalichachamaa. Nyumba ya Feszty ilifunga mlango, marafiki wa miaka mingi wakajitenga, na chuki dhidi ya Wayahudi ikapata pa kutokea. Jókai hakurudi nyuma. Aliishi na Bella hadi alipofariki Budapest tarehe 5 Mei 1904, akazikwa kwa heshima za taifa kwenye makaburi ya Kerepesi. Bella aliishi miaka 43 zaidi.

18. Je, wajua ni riwaya gani aliyoipenda kuliko zake zote?

Ni *Az arany ember*, “Mtu wa Dhahabu”, ya mwaka 1872. Alilisema hilo mwenyewe katika maneno ya mwisho aliyokiongezea kitabu baadaye.

Mihály Tímár anasimamia jahazi la ngano kwenye Danube, kutoka mpaka wa Uturuki kuelekea Komárom. Ndani ya jahazi kuna Mturuki anayemkimbia Sultani pamoja na binti yake Timea. Mturuki anakufa njiani, jahazi linazama, na katika gunia moja la ngano iliyolowa Tímár anakuta hazina. Ni mali ya Timea. Anaichukua. Kila anachogusa baada ya hapo kinageuka faida, mji unamwita mtu wa dhahabu, na anamwoa Timea, ambaye anamheshimu bila kumpenda. Lakini kwenye kisiwa kimoja cha mto huo, kisichotambuliwa na Austria wala Uturuki, anaishi mwanamke mwingine, Noémi. Huko hakuna fedha, kodi wala cheo. Kwa miaka Tímár anakaa majira ya baridi mjini na ya kiangazi kisiwani, pande zote mbili akiwa mwongo.

Kisiwa cha kitabuni ni cha kubuni. Kwenye sehemu hiyo hiyo ya Danube kilikuwapo cha kweli, Ada Kaleh, chenye wakazi Waturuki na msikiti wao. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 bwawa la umeme la Romania na Yugoslavia lilikifunika kwa maji. Riwaya imetengenezwa filamu zaidi ya mara moja. Ya mwaka 1918 iliongozwa na Alexander Korda, ambaye baadaye alikuja kuwa bwana mkubwa wa sinema ya Uingereza.

Katika riwaya, adui wa Tímár anazama ziwani akiwa amevaa nguo za Tímár. Mji unamzika mtu asiye yeye, kwa maandamano makubwa, naye anapata nafasi ya kubaki kisiwani daima. Anabaki. Jókai mwenyewe hakuwahi kuchagua hivyo: hadi miaka ya mwisho alikuwa na kiti bungeni, sura za gazeti za kuwahi, na jiji lililomjua kila alikopita. Anayetaka kumsoma kwa Kiingereza atakuta tafsiri ya zamani ya mwaka 1888, *Timar's Two Worlds*. Aanze na sura za mwanzo za jahazi kwenye mkondo mwembamba kati ya majabali, maana humo ndimo Jókai anapoonyesha kwa nini watu walilipia juzuu 100 kabla hazijachapwa.